Simu isiyoutii mkono: kutafuta tatizo liko wapi na kulitatua

Mtu aliyepooza upande mmoja, anayetetemeka mikono, aliyevunjika uti wa mgongo au aliyezaliwa na mtindio wa ubongo akishindwa kutumia simu, nyumbani jibu huwa moja: "Lete nikubonyezee." Lina huruma ndani yake, lakini linampokonya mwenye simu mambo yake. Leo anabonyezewa WhatsApp, kesho anaangaliziwa salio, na baada ya mwezi namba yake ya siri inajulikana na nyumba nzima. Hali hiyo inaepukika, kwa sababu matatizo mengi yanayosingiziwa mkono yana dawa ndani ya simu hiyohiyo. Mengine hata si ya mkono: ni ya protekta, ya chaji feki, au ya mpangilio uliojiwasha bila mtu kujua.

Maelezo haya yanafuata simu za Android, maana ndizo zilizojaa Tanga, kuanzia maduka ya Ngamiani hadi meza za mafundi. iPhone tumeitaja pale tu inapokuwa na jambo la ziada. Mipangilio mingi inayotajwa iko sehemu moja: kwenye simu ya Kiingereza ingia Settings kisha Accessibility, kwenye simu ya Kiswahili ingia Mipangilio kisha Zana za Ufikivu. Kila kampuni hupanga menyu kivyake, kwa hiyo usipokiona kitu, andika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Kabla ya yote, utazame mguso wenyewe

Kugusa kioo mara moja ni vitendo vinne: kidole kinatua, kinatulia, kinanyanyuka, kisha kinakaa mbali kabla ya kutua tena. Kwa mmoja kinachoharibika ni kutua, kwa mwingine ni kutulia, na dawa ya huyu haimfai yule. Ndiyo maana kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha huwachosha watu mpaka wakaiweka simu kabatini.

Android ina namna ya kuonyesha kila mguso. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, tafuta Build number na uiguse mara 7. Itafunguka menyu mpya ya Developer options, mara nyingi ndani ya System. Humo washa Show taps na Pointer location. Sasa fungua kikokotoo, iweke simu mezani, na mwombe mwenye simu aguse namba 5 mara kumi kwa mwendo wake wa kawaida. Usimshike mkono, na usimharakishe.

Kila kidole kinapogusa, nukta nyeupe hutokea chini yake, na kikisogea kinaacha mstari. Kona ya juu kushoto kuna maandishi yanayoanza na herufi P na namba mbili. Mtu akigusa kwa kidole kimoja na kuachia, yanasomeka 0 / 1. Yakisomeka 0 / 2 au 0 / 3, kuna kidole kingine au kiganja kilichogusa kioo pamoja na kidole alichokusudia, hata kama wewe hukukiona.

Nukta ikitua kwenye 5 lakini ikavuta mkia, kidole hakitulii, na simu inadhani mtu anatelezesha. Ikionekana 55 pale alipogusa mara moja, kidole kinadunda. Nukta ikitua pembeni ya 5 upande uleule kila mara, hilo ni suala la ukubwa wa vitufe na mahali simu ilipokaa. Nukta isipotokea kabisa, kioo hakikioni kidole. Na zikitokea wakati hakuna aliyegusa, mkono hauna kosa.

Ukishapata jibu, zima Developer options. Baadhi ya programu za benki na za pesa hukataa kufunguka ikiwa imewashwa.

Nukta inavuta mkia: picha zinahama, menyu zisizoitwa zinafunguka

Kidole kinachokaa muda mrefu kiooni husomwa kama "bonyeza na ushikilie". Kikisogea kidogo hapo, aikoni hubebwa na kutupwa kwingine, na wengine hufuta programu nzima bila kukusudia. Nenda Zana za Ufikivu, tafuta Touch & hold delay. Kwa kawaida iko kwenye fupi, karibu nusu sekunde. Ipeleke kwenye ya kati au ndefu, umpe siku mbili tatu aizoee kabla ya kuamua. Kisha bonyeza na ushikilie sehemu tupu ya skrini ya mwanzo na utafute mpangilio wa kufunga aikoni zisihame. Simu nyingi zinao.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Mpangilio huo hauifanyi simu ipuuze mguso wa bahati mbaya. Unachelewesha tu menyu ya kushikilia. Kwa kidole kinachodunda au kinachopapasa kabla ya kufika, kinachohitajika ni simu isubiri. Simu za Samsung zina Tap duration, yaani kidole lazima kikae muda fulani ndipo kihesabiwe, na Ignore repeated touches, yaani mguso wa pili uliofuata haraka haupokelewi. iPhone ina vyote viwili ndani ya Touch Accommodations, pamoja na chaguo la kuhesabu mahali kidole kiliponyanyuka badala ya kilipotua. Chaguo hilo linamfaa sana anayetua vibaya na kujirekebisha.

Panda pole pole: anza na sekunde 0.1 au 0.2, rudia jaribio la kikokotoo, ongeza kidogo. Ukiruka moja kwa moja hadi sekunde 1, simu itakuwa nzito kuliko mkono, na mtu ataanza kukandamiza kioo kwa hasira. Misuli inayokaza hukaza zaidi hapo. Simu isiyo na mipangilio hiyo bado ina tiba moja kubwa, nayo ni mausi. Tutaifikia.

Kibodi ina mipangilio yake. Kwenye Gboard, yaani kibodi ya Google, ingia Preferences uongeze urefu wa kibodi na pia Key long press delay, ambayo kwa kawaida ni milisekunde 300. Kidole kizito kwa milisekunde 300 hupata alama na namba badala ya herufi.

Anagusa pembeni kila mara

Wengi hukuza maandishi wakashangaa vitufe vimebaki vilevile. Font size hukuza herufi peke yake. Display size ndiyo inayokuza vitufe, aikoni na nafasi kati yao. Kuza hiyo ya pili kwanza. Kisha tafuta Navigation mode na urudishe vitufe vitatu vya chini, maana kutelezesha kutoka ukingoni ndiyo ishara ngumu kuliko zote kwa kidole kisicho na utulivu. Zima pia kujizungusha kwa skrini. Simu inayolalia pembeni kidogo tu ikageuza kila kitu humpoteza mtu aliyekwisha kukariri vitufe viko wapi.

Halafu tazama mkono umeegemea wapi. Mkono unaoelea hewani mara nyingi hutetemeka kuliko ule ambao kiwiko na kigasha vimelazwa mezani. Inamisha simu kama kitabu kilichoegemezwa, ukingo wa chini uwe karibu na mtu, ili kiganja kipate pa kutulia nje ya kioo. Kwa wengine marekebisho haya peke yake yanafuta zile 0 / 2.

Kioo hakikioni kidole

Kioo cha simu hakisikii nguvu. Kinasikia umeme mdogo unaovutwa na ngozi yenye unyevu. Kucha, mti, plastiki na sugu nene havivuti kitu, hata ukikandamiza vipi. Ngozi yenye kovu la moto, sugu za gongo au za magurudumu, na vidole vilivyoathiriwa na ukoma mara nyingi hukumbwa na hili. Jaribu upande wa kidole gumba au kifundo cha kidole kilichokunjika, kisha jaribu kidole kilichopanguswa kwa kitambaa kibichi. Ikikubali, tatizo ni ukavu. Ikigoma, bandua protekta. Za kioo nene, hasa zile zenye gundi ukingoni tu, huacha hewa katikati na kuua mguso. Baadhi ya simu zina Touch sensitivity kwa ajili ya protekta. Iwashe kabla ya kuitupa.

Fimbo ya kugusia ni rahisi kutengeneza kwa anayeweza kukumbatia kitu lakini hawezi kunyoosha kidole. Chukua kijiti cha unene unaoshikika (kivalishe kipande cha malapa ikibidi), zungushia karatasi ya aluminiamu kuanzia nchani hadi pale ngozi inapokamata, bila kukatika katikati. Nchani funga kipande cha sponji chenye upana wa milimita 7 au 8, ukinyunyizie maji kidogo. Ncha nyembamba kama ya kalamu haitasomwa. Ikigoma, karibu kila mara kosa ni moja: karatasi haigusi ngozi. Kwa anayetumia mdomo usitumie karatasi, itameguka. Nunua kalamu ya simu ya chuma yenye ncha ya mpira, na ukivalisha mahali pa kung'atia, acha pa midomo kugusa chuma.

Simu inajigusa yenyewe

Chomoa chaji. Ikitulia, umepata mwizi: chaji feki hupitisha umeme mchafu unaokichanganya kioo, na wenye ulemavu hukumbwa nao zaidi kwa sababu wengi hutumia simu ikiwa imechomekwa kitandani kutwa nzima. Isipotulia, futa kioo kwa kitambaa kikavu. Msimu wa kaskazi hapa pwani jasho la kiganja na chumvi vinatosha kuandika ujumbe usio na mwandishi, na mafuta ya nazi yaliyobaki vidoleni hayasaidii. Kioo chenye ufa kinachojigusa hakina mpangilio wa kukiponya. Ni cha kubadilishwa.

Simu imeanza kusema na haifunguki kwa kugusa mara moja

TalkBack imejiwasha. Ni msaada kwa wasioona, na njia yake ya mkato ni kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde 3 hivi. Mkono uliokaza, au uliobana simu isianguke, hufanya hivyo bila kujua. Shikilia vitufe hivyo tena kwa muda uleule itazimika. Ikikataa, kumbuka kwamba sasa kugusa mara moja ni kuchagua, kugusa mara mbili haraka ni kufungua, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Kwa mkono unaotetemeka hiyo ni adhabu, basi msaidizi aingie Zana za Ufikivu aizime, kisha aondoe njia ya mkato ya vitufe vya sauti isirudie.

Ndugu yake ni simu inayopiga namba ya dharura. Kwenye Android 12 na kuendelea, kitufe cha kuwashia kikibonyezwa haraka mara 5 simu huanza wito wa dharura. Kwa mtu mwenye mishtuko ya misuli, fungua Emergency SOS uizime, au iache na muda wa kuhesabu kabla ya kupiga ikiwa anaishi peke yake. Amua naye mwenyewe.

Simu inaita lakini hawahi kupokea

Kutelezesha kitufe cha kijani ndiko kunakoshinda wengi. Spika za masikioni za waya zenye kitufe hupokea kwa kubonyeza mara moja, na ni za bei ndogo. Kitufe chake kinaweza kubandikwa kwenye mkono wa kiti au kifuani. Simu kadhaa huruhusu kupokea kwa kitufe cha kuongeza sauti, au kwa kuinua simu sikioni. Tafuta kwenye mipangilio ya programu ya kupigia. iPhone inaweza kupokea yenyewe baada ya sekunde chache, ndani ya Accessibility, Touch, Call Audio Routing.

Menyu ya pesa inakatika kabla hajamaliza

Tatizo hili lina uzito kuliko yote, kwa sababu ndilo linalotoa namba za siri za watu nje. Mtu anapiga *150*00#, *150*01# au *150*60#, anafika kwenye kiasi, ujumbe unatokea kwamba muda umekwisha. Anaanza upya, linakatika tena, anamwita mtoto.

Zana za Ufikivu zina Time to take action, inayorefusha muda wa jumbe kukaa kiooni hadi dakika 2. Iwashe kwa mambo mengine, lakini hapa haisaidii. Saa ya menyu hizo inahesabiwa na mtandao, si na simu, na hakuna kitufe cha simu kinachoirefusha.

Njia ya kweli ni kutumia programu ya mtandao husika badala ya menyu ya nyota. Humo mtu anaandika namba na kiasi kwa mwendo mpole zaidi, na nyingi zinakubali alama ya kidole badala ya namba ya siri. Asiye na bando aandae kila kitu kabla ya kupiga: namba ya mpokeaji na kiasi viandikwe kwenye ujumbe, namba inakiliwe, kisha ibandikwe kwenye kisanduku cha menyu kwa kubonyeza na kushikilia. Ndani ya menyu atabaki na kuandika tarakimu chache tu.

Kuhusu alama ya kidole, vidole vilivyokunjika visisajiliwe kwa ncha kama dukani wanavyofanya. Sajili sehemu inayofika kwenye kitufe bila kulazimishwa, hata kama ni ubavu wa kidole gumba, na uisajili mara mbili kama vidole viwili tofauti. Kisha angalia orodha ya alama zilizomo. Programu ya pesa inaweza kukubali alama yoyote iliyosajiliwa kwenye simu, kwa hiyo ile ya mtoto iliyowekwa "kwa urahisi" ni funguo ya pochi. Ifute. Kwa kufuli la simu, PIN ni bora kuliko mchoro, kwa kuwa mchoro unamtaka mtu aburute bila kunyanyua.

Anaongea, simu inaandika upuuzi

Gboard inapokea Kiswahili kwa sauti tangu mwaka 2017. Ikiandika maneno ya Kiingereza yasiyo na maana, kibodi iko kwenye Kiingereza: ingia Languages, ongeza Kiswahili (Tanzania), na hakikisha ndicho kinachosomeka kwenye kitufe cha nafasi kabla ya kugusa maikrofoni. Ikiandika nusu nusu, angalia kama kava limefunika tundu la maikrofoni, zima feni, na simu iwe kama sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni. Aliyepata kiharusi na ulimi ukawa mzito ajaribu sentensi za maneno matatu manne, akipumzika katikati.

Kuandika kwa sauti na kuiamuru simu ni vitu viwili. Voice Access, inayoendesha simu nzima kwa maneno, haielewi amri za Kiswahili. Asiyesoma Kiingereza bado anaweza kujifunza chache: "scroll down", "go back", "go home", na "show numbers", ambayo huweka namba juu ya kila kitufe, kisha unaitaja kwa Kiingereza. Ziandikwe ukutani kwa matamshi ya Kiswahili. Na namba ya siri isitamkwe kamwe kwenye chumba chenye watu.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaofutika kila mara unatokana na kidole kuteleza kushoto. Afundishwe kushikilia maikrofoni na kupandisha kidole juu mpaka kifuli kifunge, kisha aachie na azungumze atakavyo.

Kidole hakiwezi kabisa

Mausi ya kompyuta hufanya kazi kwenye Android kupitia kipande cha OTG, kinachounganisha waya wa USB wa mausi na tundu la chaji la simu. Kishale kitatokea kiooni. Kisipotokea, baadhi ya simu zinataka OTG iwashwe kwenye mipangilio, na huizima zenyewe isipotumika kwa dakika 10 hivi. Anayeweza kusogeza mausi lakini hawezi kubofya awashiwe kubofya kiotomatiki kishale kikitulia. Muda huanzia sekunde 0.2 hadi 1 kwenye simu nyingi. Anza na mrefu.

Mwenye msogeo mmoja tu anaoumudu, wa goti, kichwa au kidole kimoja, atumie Switch Access, inayoendesha simu kwa kitufe cha nje badala ya kugusa kioo. Huwa ndani ya Android Accessibility Suite au huwekwa kutoka Play Store, kulingana na toleo. Swichi yake inaweza kuwa rimoti ndogo ya selfie ya Bluetooth, ambayo simu huisoma kama kitufe. Kitufe chake ni kidogo mno, basi gundisha juu yake kifuniko cha kopo cha sentimita 5 au 6, na rimoti yenyewe iweke kwenye kibao kisichoteleza. Washa Auto-scan: mwanga utapita kitu kimoja hadi kingine, naye anabonyeza ukifika anapopataka. Anza na sekunde 2 kwa kila hatua. Mwanga ukimpita kila mara, ongeza. Ukichagua mara mbili, washa kupuuza mibonyezo ya kurudia. Swichi ikikata baada ya kimya, rimoti imelala: mbonyezo wa kwanza unaiamsha, wa pili ndio unaofanya kazi. Wakati wote huo msaidizi bado anaweza kugusa kioo kama kawaida, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa kukwama.

Tangu Android 12 kamera ya mbele inaweza kuwa swichi: kutabasamu, kufungua mdomo, kuinua nyusi, kutazama kushoto, kulia au juu. Inahitaji mwanga usoni, inakula betri, na haifai kwa anayevaa nikabu mbele za watu. Huyo apewe rimoti.

Huduma iliyowashwa jana leo imezimika

Simu nyingi za bei nafuu huua programu za nyuma ili kutunza betri. Programu za "kusafisha simu" nazo zikiilazimisha programu kusimama, huduma yake ya ufikivu huzimika mpaka iwashwe tena kwa mkono. Ingia kwenye maelezo ya programu hiyo, sehemu ya betri, uchague isizuiwe, na uiondoe kwenye orodha ya msafishaji.

Usikubali programu ya ufikivu iliyotumwa WhatsApp kama faili. Huduma ya aina hiyo inaweza kusoma kila kilichoko kiooni na kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu, pamoja na kwenye programu za pesa. Android 13 huzizuia kwa makusudi. Anayekuelekeza namna ya kuondoa kizuizi hicho usimsikilize.

Simu inaanguka au haifikiki

Kishikio cha simu cha bodaboda hukaa vizuri kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa bomba la viti vingi lina kipenyo cha milimita 22 hadi 25, sawa au karibu na la usukani wa baiskeli. Kikilegea, zungushia bomba ukanda wa tyubu ya baiskeli kabla ya kukaza. Fundi yeyote wa baiskeli Tanga anao chini ya benchi. Kifunge mahali mkono unapofika bila bega kuinuka, mwenyewe akiwa amekaa anavyokaa kila siku. Kisha angalia makucha ya kishikio yamekamata wapi: yakikaa juu ya vitufe vya sauti, TalkBack itarudi kesho, na yakikaa kwenye kitufe cha kuwashia, kioo kitazimika kila kiti kinapopita kwenye shimo. Yasogeze juu au chini hadi vitufe viwe huru.